Kuingiza mrija wa hewa: vifaa, vipimo, na mahali kila kimoja kinapokwama

Mgonjwa aliyekwisha kulegezwa misuli hafi kwa kukosa mrija. Hufa kwa kukosa oksijeni, na mara nyingi oksijeni hiyo humwishia huku watu watatu wameinama juu ya kinywa chake wakitafuta pa kupitisha mrija. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na laringoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia koo. Unaanza na muda, unafuata na vifaa kwa utaratibu utakaovihitaji mambo yanapoharibika, na unakaa zaidi kwenye buji, ufito wa kuongozea mrija, kifaa cha bei ndogo ambacho si ajabu kukikuta kabatini kimekunjwa.

Umeandikwa kwa watu wa kazi: wataalamu wa usingizi, madaktari, matabibu, wauguzi wa thieta na wa chumba cha mahututi (ICU), pamoja na wanafunzi wanaofanya chini ya msimamizi. Dawa za nusu kaputi na dozi zake hazimo. Hizo fuata utaratibu wa hospitali yako.

Muda ulio nao

Mtu mzima mwenye afya, akilala chali na kutoa pumzi ya kawaida, hubakiwa na hewa ya lita 2 hivi mapafuni. Mwili wake hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Ikiwa alikuwa anavuta hewa ya chumbani, oksijeni iliyomo ndani ya zile lita 2 haifiki hata nusu lita, na dakika moja na ushei baada ya kuacha kupumua namba za oksimita (kipimo cha oksijeni kwenye damu) zinaanza kuporomoka. Mapafu yaleyale yakijazwa oksijeni tupu, mtu huyo anaweza kukaa dakika 6 hadi 8 kabla ya kushuka chini ya asilimia 90. Mjamzito anayekaribia kujifungua, mtu mnene, mwenye nimonia na mtoto hawana akiba hiyo. Mtoto mchanga, kwa kila kilo ya uzito, hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima. Kwake hesabu kwa sekunde.

Namna ya kujaza: barakoa ibane uso pande zote, oksijeni iwe lita 10 hadi 15 kwa dakika, mgonjwa apumue kawaida kwa dakika 3 kamili za saa ya ukutani. Kama hali haisubiri, mwambie avute pumzi 8 za kina ndani ya dakika 1. Kosa la kila siku ni barakoa iliyoshikiliwa juu juu ili mgonjwa asiogope. Ufa wa kidole kimoja unatosha kuvuta hewa ya chumbani, na dakika zote 3 zinakuwa zimepotea bure. Ukiwa na kapnografu, mashine inayoonyesha kabonidayoksaidi ya kila pumzi, iunganishe tangu sasa: mstari unaopanda na kushuka vizuri unaonyesha kwamba barakoa imebana, na papo hapo unakuhakikishia kwamba kapnografu yenyewe inafanya kazi kabla hujaitegemea.

Mfuko wa Ambu, ule wa kupulizia hewa kwa mkono, usiofungwa mfuko wa akiba kwa nyuma hautoi oksijeni tupu, hata ukifungua mtungi hadi mwisho. Ufunge, uone umejaa, ndipo uanze. Konsentreta (mashine ya umeme inayokusanya oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 kwa dakika haiwezi kuujaza vya kutosha, na umeme ukikatika nayo inanyamaza, kwa hiyo kwa dakika hizi tumia mtungi. Hesabu ya mtungi ni rahisi: ujazo wake kwa lita, mara shinikizo linalosomeka kwa ba. Mtungi wa lita 10 unaosoma ba 100 una lita 1,000. Ukitumia lita 10 kwa dakika unakupa dakika 100. Mtungi huohuo ukisoma ba 20 una dakika 20 tu. Badilisha kabla hujamlaza mtu.

Mwekee pia mirija midogo ya oksijeni puani. Akishalala, iongeze hadi lita 15 kwa dakika na uiache humohumo unapofanya kazi kinywani. Maadamu njia ya hewa iko wazi, oksijeni huendelea kuteremka mapafuni hata kama hapumui, na unajiongezea dakika bila gharama.

Kichwa kipange mapema. Kwa mtu mzima weka mto mgumu wa sentimita 7 hadi 10 chini ya kichwa, si chini ya mabega, shingo isogee mbele na uso uinuke kidogo. Mtazame kwa ubavu: tundu la sikio liwe usawa mmoja na kile kibonde kilicho juu ya kidari. Mtu mnene hatafikia usawa huo kwa mto mmoja. Panga shuka zilizokunjwa kuanzia mgongoni, mabega hadi kichwani, mpaka ufikie. Mtoto mchanga ana kisogo kikubwa na mto unamkunja shingo, kwa hiyo yeye hawekewi mto. Mwekee kitambaa kilichokunjwa kidogo chini ya mabega. Kama unashuku shingo imevunjika, mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, na sehemu ya mbele ya kola ifunguliwe, maana ikifungwa mdomo haufunguki vya kutosha.

Meza

Kwa mtu mzima mmoja, kabla dawa ya kwanza haijaingia, hivi viwe mezani, vimeshajaribiwa:

- mashine ya kunyonya imewashwa, na mpira wake wenye ncha ngumu umewekwa chini ya mto upande wa kulia
- mfuko wa Ambu au mashine ya usingizi, na barakoa mbili za saizi tofauti
- Guedel (kifaa cha kinywani cha kuzuia ulimi usizibe koo) namba 2, 3 na 4
- laringoskopu mbili, yaani mipini miwili, na bledi (sehemu inayoingia kinywani) za Macintosh namba 3 na 4
- mirija mitatu: unayoikusudia, na nyingine ndogo kwa nusu na kwa moja kamili
- sirinji ya mililita 10, jeli, plasta au kamba ya kufungia
- buji moja iliyonyooka
- LMA (barakoa ndogo inayokaa kooni) ya uzito wa mgonjwa
- kapnografu au kipimo cha kabonidayoksaidi kinachobadilika rangi, stetoskopu, oksimita
- kisu namba 10 na mrija namba 6.0, pamoja katika pakiti moja

Hicho cha mwisho kinawaudhi baadhi ya watu, wanaona ni kumtabiria mgonjwa mabaya. Kiweke.

Mfuko wa Ambu ujaribu kwa kuziba tundu lake la upande wa mgonjwa kwa kiganja na kuubana: usipungue. Ukipungua, valvu imewekwa vibaya baada ya kuoshwa, na hilo hutokea mara nyingi kuliko mpira kupasuka. Laringoskopu iwashe kwa sekunde 10 nzima, si kwa kuipepesa tu. Betri iliyochoka hutoa mwanga mweupe kwanza, kisha ukageuka njano na kufifia. Balbu izungushe kwa kidole ihakikishwe imekaza. Iliyolegea huzimika ndani ya koo, na ikichomoka kabisa inaweza kuangukia mapafuni. Puto la mrija lijaze mililita 10 za hewa, litazame kama linabaki na umbo, kisha litoe hewa yote kabla ya kutumia.

Guedel na mrija wa pua

Arthur Guedel alikieleza kifaa chake mwaka 1933 na umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Kazi yake ni kuuzuia ulimi usirudi nyuma na kuziba koo wakati unampulizia mgonjwa kwa barakoa. Kipimo: kiweke shavuni, kianzie meno ya mbele kiishie pembe ya taya. Soma namba iliyoandikwa. Usitegemee rangi, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani kwenye rangi zote.

Kifupi mno kinausukuma ulimi nyuma na kuleta kizuizi kilekile ulichokuwa unakikimbia. Kirefu mno kinabonyeza kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa) juu ya mlango wa zoloto (kisanduku cha sauti), au kinagusa zoloto lenyewe na koo likajifunga. Kwa hiyo kama kupuliza kumekuwa kugumu zaidi baada ya kukiweka, kitoe upime upya.

Kwa mtu mzima kiingize kikiwa kimegeuzwa, mgongo wake ukiwa upande wa ulimi, hadi kiguse kaakaa laini, kisha kizungushe nyuzi 180 kikalie nyuma ya ulimi. Kwa mtoto usizungushe, kwani kaakaa lake linachubuka kirahisi. Bonyeza ulimi kwa kijiti na ukipitishe moja kwa moja. Mgonjwa ambaye bado anajikaza koo asiwekewe Guedel, atatapika. Huyo anavumilia zaidi mrija laini wa pua, unaopimwa kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio, uliopakwa jeli, unaosukumwa kuelekea kisogoni, si kuelekea juu. Ukigoma upande mmoja, jaribu tundu la pili. Damu au maji yanayotoka puani au masikioni baada ya ajali ya kichwa ni sababu ya kuacha pua kabisa.

Barakoa ikivuja au kifua kisipopanda, usiongeze nguvu ya kubana mfuko. Hewa itaingia tumboni na matapishi yatafuata. Shika barakoa kwa mikono miwili, sukuma taya mbele kwa vidole, na mtu wa pili abane mfuko. Pumzi moja kwa kila sekunde 6 inatosha, na kiasi chake ni kile kinachofanya kifua kiinuke tu.

Laringoskopu na mrija

Mpini unashikwa kwa mkono wa kushoto, hata kama wewe ni wa kulia. Bledi inaingia pembeni kulia mwa kinywa na kuusukuma ulimi wote upande wa kushoto. Ulimi ukibubujika upande wa kulia wa bledi hutaona kitu. Songa taratibu mpaka uone kidakatonge. Usipokiona, usiende mbele. Wanaoanza huzamisha bledi yote mara moja, wanapita zoloto na kujikuta wanatazama umio, njia ya chakula, wakidhani wamefika. Rudisha nyuma polepole, kidakatonge kitaanguka kionekane.

Ncha ya Macintosh inakaa kwenye kibonde kati ya shina la ulimi na kidakatonge. Hapo unainua kuelekea pale ukuta wa mbele yako unapokutana na dari, kufuata mstari wa mpini, mkono ukiwa umenyooka. Ukikunja kifundo cha mkono, bledi inaegemea meno ya juu, jino linang'oka na bado zoloto halionekani. Kama unaona nusu tu, tumia mkono wa kulia kubonyeza kongomeo kwa nje, nyuma na juu na kidogo kulia, mpaka nyuzi za sauti zitokee. Kisha msaidizi aweke kidole chake palepale ulipopaacha. Kubahatisha kwa maneno, "kulia kidogo, shusha, hapana, pandisha", kunamaliza oksijeni.

Saizi ya mrija kwa mwanamke ni 7.0 au 7.5, kwa mwanamume 7.5 au 8.0. Kina kwenye meno ya mbele ni sentimita 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja gawanya umri kwa 4 kisha ongeza 4 kama mrija hauna puto, au 3.5 kama unalo. Mtoto wa miaka 6 basi ni 5.5 bila puto, au 5.0 wenye puto. Kina chake ni nusu ya umri kuongeza 12, yaani sentimita 15. Mtoto mchanga aliyezaliwa kwa miezi kamili hupata 3.0 hadi 3.5, na kina chake mdomoni ni uzito kwa kilo kuongeza 6.

Waya wa kukazia mrija, kama unautumia, ncha yake ibaki ndani kwa sentimita 1 hadi 2. Ukichomoza nje unaweza kutoboa. Kunja mrija juu kidogo ya puto tu, kwa pembe isiyozidi nyuzi 35. Zaidi ya hapo ncha itagonga ukuta wa mbele wa trakea, bomba kuu la hewa, na kukataa kushuka hata kama unaona njia wazi.

Puto lipite nyuzi za sauti kwa sentimita 1 au 2, kisha jaza hewa mpaka mvujo usisikike. Shinikizo linalofaa ni sentimita 20 hadi 30 za maji. Juu ya 30 damu inaanza kushindwa kupita kwenye utando wa trakea, na mgonjwa wa ICU anayekaa na mrija kwa siku kadhaa anaweza kupata kidonda na baadaye njia kusinyaa. Kupapasa kaputo ka nje kwa vidole si kipimo. Hata mikono ya wazoefu hukosea, na karibu daima hukosea kwa kuzidisha.

Buji

Robert Macintosh wa Oxford, yuleyule ambaye bledi yake umeishika mkononi, mwaka 1949 alieleza jinsi ya kutumia kifaa cha njia ya mkojo kuongoza mrija wa hewa. Baadaye, katika miaka ya 1970, ikatengenezwa buji maalumu kwa kazi hii: urefu sentimita 60, unene milimita 5, ncha iliyokunjwa kama nyuzi 35. Mrija wa 6.0 na kuendelea unapita juu yake bila shida. Kwa mirija ya watoto kuna buji nyembamba zaidi.

Matumizi yake hasa ni pale unapoona kidakatonge tu, au unapoona ukingo wa nyuma wa zoloto lakini mrija unaziba macho yako unapoukaribia. Usipoona hata kidakatonge, kusukuma buji gizani ni kamari, na kila jaribio linavimbisha koo. Hapo rudi kwenye barakoa.

Fanya hivi. Acha laringoskopu ilipo, na picha bora uliyoipata uishikilie hivyohivyo. Pokea buji kwa mkono wa kulia, ishike kama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye ncha, mkunjo ukitazama juu. Ipitishe pembeni kulia mwa kinywa, ncha ikwaruze chini ya kidakatonge katikati kabisa, kisha isukume taratibu. Ikiwa iko kwenye trakea utahisi mikwaruzo midogo ya mfululizo, ncha inaporuka kutoka pete moja ya gegedu hadi nyingine. Umio hauna pete; ndani yake buji inateleza kimya. Mikwaruzo haihisiwi kila mara, hasa kama umeipitisha na mkunjo umegeukia pembeni au nyuma.

Ipo alama ya pili: buji ikiendelea kushuka ndani ya trakea hukwama kwenye vijia vidogo vya mapafu, mahali fulani kati ya sentimita 24 na 40 kutoka mdomoni, ilhali kwenye umio huzama hadi mwisho bila kikwazo. Alama hii iliaminiwa sana enzi za buji laini za zamani. Buji nyingi za kutupwa za sasa ni ngumu, na kuzisukuma mpaka zikwame kunaweza kutoboa njia ya hewa. Maoni yetu ni kwamba kama umepata mikwaruzo, usitafute kukwama. Simamisha alama ya sentimita 25 mdomoni.

Sasa msaidizi anavalisha mrija kwenye buji kwa nyuma na kuishika ncha ya nje isizame. Wewe bado hujatoa laringoskopu. Watu wengi huitoa hapa kwa furaha, ulimi unalala juu ya buji na mrija unagoma. Sukuma mrija, ukikwama kwenye sentimita 15 hivi, ncha yake imenasa kwenye gegedu la kulia la mlango wa zoloto. Usikandamize. Rudisha sentimita 2, zungusha mrija robo duara kinyume cha mwendo wa saa, sukuma tena. Tunaona ni vizuri zaidi kuuzungusha tangu mwanzo, kabla haujakwama. Mrija ulio mnene kuliko buji kwa mbali hukwama zaidi, hivyo kushuka kutoka 8.0 hadi 7.0 kunasaidia kuliko kusukuma kwa nguvu. Mrija ukifika kina chake, ushike kwa nguvu kwenye meno, chomoa buji, ndipo utoe laringoskopu.

Buji iliyohifadhiwa ikiwa imekunjwa ndani ya droo inabaki na umbo la droo, na ncha yake haitaelekea unakotaka. Ihifadhi imelala au imening'inia wima. Kipande cha bomba la plastiki la sentimita 70 kilichofungwa ubavuni mwa mashine ya usingizi, kilichozibwa chini na kusafishwa mara kwa mara, kinafaa kabisa kwa buji iliyo ndani ya pakiti yake.

Uko wapi mrija?

Kuona mrija ukipita kati ya nyuzi za sauti ni jambo zuri, ila macho hudanganya. Mvuke ndani ya mrija hauthibitishi, kwa kuwa hata tumbo hutoa mvuke. Kifua kinaweza kuonekana kinapanda hewa ikiingia tumboni. Oksimita inachelewa, mgonjwa uliyemjazia oksijeni vizuri atasoma 100 kwa dakika kadhaa huku mrija uko kwenye umio, na hapo ndipo watu wanapoanza kufunga plasta.

Kipimo kinachoaminika ni kabonidayoksaidi inayotoka kwa kila pumzi. Tafuta kwenye kapnografu mawimbi kamili, ya pumzi 7 mfululizo, yasiyopungua kimo. Mrija ulio tumboni unaweza kutoa mawimbi machache, hasa kama ulipuliza sana kwa barakoa au mgonjwa alikunywa soda, lakini yanafifia pumzi baada ya pumzi. Mstari ukiwa bapa, chukulia kwamba mrija uko mahali pasipo pake mpaka ithibitike vinginevyo, na usiseme "moyo umesimama ndiyo maana". Hata wakati wa kukandamiza kifua, mrija ulio mahali pake hutoa mawimbi madogo. Kipimo cha rangi hugeuka kutoka zambarau kuwa njano kwa pumzi ya kutoka, kisha hurudi zambarau kwa pumzi ya kuingia. Kikibaki njano tu bila kubadilika, kimelowa matapishi au dawa.

Usipokuwa na vyote viwili, sirinji ya mililita 60 iliyobana kwenye mrija kabla ya kupuliza inasaidia kwa mtu mzima: vuta haraka. Trakea ina pete zinazoiacha wazi, hewa inakuja kwa wepesi. Umio unajikunja na pistoni inarudi. Kwa mtu mnene sana, mjamzito wa miezi ya mwisho na mtoto chini ya mwaka 1 inadanganya.

Stetoskopu ianzie juu ya tumbo. Ukisikia mbubujiko, toa mrija, usiendelee kusikiliza kifua. Kisha makwapa yote mawili. Kushoto kukiwa kimya na kulia kunasikika, mrija umezama katika njia ya pafu la kulia: toa hewa kwenye puto, vuta sentimita 1 hadi 2, jaza, sikiliza tena. Andika kina kwenye karatasi ya mgonjwa na ufunge mrija kwenye taya la juu, kwa maana la chini linacheza. Kukunja shingo kunausogeza mrija ndani na kuinua kidevu kunautoa nje, hivyo sikiliza upya kila mgonjwa anapogeuzwa.

Oksijeni ikishuka baadaye, mtoe kwenye mashine upulize kwa mkono, kisha pitia manne: mrija umehama, umeziba kwa makohozi au umekunjwa na meno, kuna hewa nje ya pafu, au mashine ndiyo mbovu. Mpira wa kunyonyea ukipita hadi mwisho wa mrija, haujaziba.

Ikishindikana

Jaribio moja lisizidi sekunde 30, na oksimita ikifika 93 acha, hata kama "karibu naona". Jaribio la pili lazima liwe na kitu kilichobadilika: kichwa, bledi, buji, au mtu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliweka kikomo cha majaribio 3, na la 4 likifanywa na mwenye uzoefu zaidi tu. Kwa maoni yetu, hospitali yenye mtaalamu mmoja wa usingizi ikomee kwenye 2.

Kinachofuata ni LMA, kifaa alichokibuni Archie Brain huko London mwaka 1981. Namba 3 ni ya kilo 30 hadi 50, namba 4 ya 50 hadi 70, namba 5 ya 70 hadi 100. Kwa watoto, namba 1 ni chini ya kilo 5, 1.5 hadi kilo 10, namba 2 hadi kilo 20, na 2.5 hadi kilo 30. Toa hewa kabisa ili ukingo uwe bapa bila kukunjamana, paka jeli mgongoni tu, bonyeza kwa kidole ikiwa imegandamana na kaakaa mpaka ikwame yenyewe. Jaza bila kuishika. Ikikaa vizuri inachomoza kidogo. Kiwango cha juu ni mililita 20 kwa namba 3, 30 kwa namba 4 na 40 kwa namba 5, lakini nusu yake mara nyingi inatosha, na kuzidisha ndiko kunakoifanya ivuje. Haizuii matapishi kuingia mapafuni. Ila inampa hewa, na mgonjwa anayepata hewa anaweza kuamshwa.

Mrija umeshindikana, LMA imeshindikana, barakoa ya watu wawili imeshindikana: tamka kwa sauti kwamba mgonjwa hapati hewa na mkono uende kwenye kisu. Usisubiri moyo upungue mapigo. Kwa mtu mzima, nyoosha shingo, shika zoloto kwa mkono wa kushoto, papasa shimo dogo lililo chini ya kongomeo na juu ya ile pete ngumu. Choma kwa kukingama, makali yakielekea kwako, upite utando. Zungusha kisu robo duara makali yaelekee miguuni, kivute kidogo kwako pafunguke, pitisha ncha ya buji kando ya kisu hadi sentimita 10 au 15, toa kisu, vika mrija wa 6.0 uliopakwa jeli, jaza puto, tafuta mawimbi. Kwenye shingo nene isiyopapasika, anza na mkato wa wima katikati, sentimita 8 hadi 10, utenganishe nyama kwa vidole mpaka uguse zoloto. Mtoto mdogo hafanyiwi hivi. Utando wake ni mdogo mno kwa kisu hiki.

Baada ya kazi

Bledi ioshwe kwa maji na sabuni papo hapo, damu ikikauka kwenye mifereji haitoki. Kufuta kwa spiriti si kusafisha. Klorini ya asilimia 0.5 ikizidi dakika 10 inakula chuma na vigusio vya umeme, na bledi iliyopata kutu ndiyo inayozimika katikati ya kazi. LMA ya kurudiwa huvumilia mvuke wa otoklevu kama mara 40, mradi hewa yote iwe imetolewa kwenye puto kabla ya kuingia. Iliyobaki hutanuka kwa joto na kulipasua. Kila mzunguko uwekewe alama kwenye kadi yake. Buji na mirija iliyoandikwa ya kutumika mara moja inapolowekwa na kurudiwa hulainika au kupasuka ngozi, na vipande vyake huweza kubaki kwenye trakea ya mgonjwa anayefuata. Betri za mpini zitolewe kama laringoskopu haitatumika kwa wiki, na za akiba zikae kwenye trei hiyohiyo, si kwenye ofisi iliyofungwa na mtu aliyeenda likizo.